Kando ya Mshono

Fundi Sefu alikuwa ameinamia baiskeli ya mteja wakati binti yake, Zamda, alipomletea tena fomu ya hospitali. Mshipa mkubwa wa damu kifuani mwa Fundi, alioshonewa miaka tisa iliyopita, ulikuwa umevimba upya kando ya mshono.

“Baba, watakupasua kifua mara ya pili?”

“Safari hii hawapasui. Watapitia pajani, walaze mpira mpya ndani ya mshipa, pale palipovimba.”

“Na ukipasuka wakiwa njiani?”

“Kwani nikikaa hapa hautapasuka?”

Akamwonyesha tairi la mteja, lililovimba kando ya mshono. “Hili nililishona mwenyewe. Mshono mzima, kilichochoka ni jirani yake.” Akakata kipande cha tairi kuukuu, akakilaza kwa ndani, penye uvimbe. “Miaka thelathini nawaambia watu kwa kiraka hiki watafika. Leo niikimbie dawa yangu mwenyewe?”

Akabandika dole gumba kwenye fomu, na grisi yake. Kisha akalirudisha tairi kwenye rimu, akampa Zamda pampu, maana yeye daktari alishamkataza kusukuma. Zamda akaanza kujaza upepo. Fundi akaweka kiganja juu ya tairi, pale pale palipokuwa na uvimbe.

Zamda akasita.

“Ongeza,” akasema baba yake.