Kisanduku cha Pili

"Mama, visanduku vyote viwili vinapiga muziki sawasawa," nilimwambia pale kwenye duka la mashine za muziki, Surabaya. "Na hiki cha pili ni bei ya pikipiki mbili!"

"Wewe masikio yako ni ya kubebea miwani tu." Akamgeukia muuzaji. "Mwanangu, hebu rudia hicho cha pili."

"Sawa, Bu Wuryani," muuzaji akamjibu Mama kwa heshima, akauchagua tena mtandaoni ule wimbo ambao Mama aliuimba ujanani, ukarekodiwa sebuleni kwetu. Siku zote husimulia kwamba mjusi wa ukutani alimwitikia, fundi akataka warudie, yeye akakataa katakata. Sisi humcheka, maana kwenye mashine ya nyumbani mjusi huyo hajawahi kusikika.

Sauti yake ikajaa chumba. Alipovuta pumzi kabla ya kiitikio, mjusi akalia: cek, cek, cek.

Mimi na muuzaji tukainua macho. Dari ilikuwa nyeupe tupu.

Mama hakuangalia juu. Kiganja chake kilikuwa juu ya kile kisanduku, na kidevu amekiinua kama yuko jukwaani.

"Haya," akaniambia, "cheka tena."