Mwisho wa Tano wa Shimo la Zimwi

"Zimwi linakoroma, mlango uko wazi," Patrobas alisema, akitikisa dadu kikombeni. "Shemeji, leo wewe ndiye Malkia. Unakimbilia wapi?"

Nyumba ilikuwa imejaa hadi kitandani, na wote wakamgeukia Phelister.

Mchezo huo wa dadu na masimulizi Patrobas aliufundishwa na Mzungu mmoja wa karakana ya reli, akaugeuza Kiswahili. Kila Jumamosi mchana nusu ya mtaa wa Makongeni ilisongamana kwake kutafuta milango ya siri ya Shimo la Zimwi. Miisho minne ilishajulikana: kuliwa, kugeuka jiwe, kupotea, kurudi mikono mitupu. Wa tano, Malkia kulitoroka Zimwi na kupata pa kujificha, aliuongeza juzijuzi tu, baada ya mkewe Norah kutoroka, jicho limevimba.

Ujanja wake ulikuwa hapo. Nani pale aliwahi kuona pango? Kila mtu alilijaza shimo kwa vitu anavyovijua. Jirani yao Selpher akitafuta handaki, ungesikia harufu ya mtaro ulio nyuma ya choo chake. Sasa Patrobas alikuwa akiwaita marafiki wa Norah mmoja mmoja, anawapa chai na mandazi, kisha anawafanya Malkia.

"Norah mwenyewe simtaki tena," alikuwa ametangaza pale bombani, panga mkononi. "Namtaka aliyemficha."

Phelister ndiye aliyemtorosha. Yeye peke yake alijua Norah aliko, na kukataa kucheza kungekuwa kujichongea.

"Malkia anavuka mto," alisema.

"Mto gani?"

"Mchafu. Anapita kwa mafundi wanaoshona viatu vya matairi."

"Ala! Zimwi lina gari?" Selpher akadakia, watu wakaangua kicheko. "Huyo ni Malkia wa soko la Kariokor! Au ni mumeo Mulama amekufundisha njia? Bwana siku hizi hata Jumapili haonekani!"

Phelister alicheka pamoja nao, akazidisha kidogo.

"Msimkatize," Patrobas alisema kwa upole. Kikombe cha dadu alishakiweka chini. "Endelea, shemeji."

"Nyuma ya duka la ngozi kuna ngazi. Juu kuna mlango wa kijani. Malkia anabisha."

"Nani anamfungulia?"

Phelister alisita, akajishika mdomo kama mtu aliyeropoka.

"Nani, shemeji?"

"Mwanamke," akanong'ona. "Mweupe, ana mwanya."

"Ameupata! Mwisho wa tano!" Makofi yakarindima, mtu akampigia vigelegele.

Patrobas hakupiga makofi. Aliinama, akavuta uvunguni kitu kirefu kilichofungwa gazeti, akatoka bila kuaga.

Selpher alimvuta mkono. "Phelister, umefanya nini? Mkimbilie! Mwambie ulikuwa unacheza tu!"

"Wacha nimalize chai."

Akaongeza sukari, akakoroga taratibu. Norah alikuwa kwao Bungoma, wiki ya tatu sasa. Nyuma ya mlango wa kijani alikuwa Wacuka, akimnyonyesha mtoto wa Mulama.