Asumini za Kizamani

Maua ya harusi za bustanini siku hizi humgeukia mwenye hadhi. Kwenye harusi ya dada yake, Zuwena aliyaona yakimpa mgongo mama yao, muuza vitumbua, mbele ya wageni wote. Ndiyo maana kwenye duka la maua, akichagua ya harusi yake mwenyewe, aliomba asumini za kizamani, zisizomjua tajiri wala maskini.

"Magugu hayo, mwanangu?" mama mkwe alicheka kwa dharau. "Wageni watajuaje nani wa kumwamkia kwanza?"

Zuwena alimtazama mchumba wake kwa matumaini.

"Zuu, tuchukue ya kisasa," Badru alisema. "Mama yako tutamkalisha nyuma kabisa, hatayaona."

Zuwena akasogea kando. Hakuna hata ua moja la kisasa pale dukani lililogeuka kumfuata. Yote, machawa wakubwa, yalibaki yamemkodolea Badru.