Binti wa Chemshabongo

Saa nne kamili simu ya mezani ikalia, na mwandishi wa michezo akapunguza sauti ya redio bila kuambiwa.

"Mteja wako huyo," akasema, akiisogeza simu.

Mtunzi wa chemshabongo ya gazeti aliipokea kabla haijalia mara ya tatu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mmeniweza. Saba kwenda chini, herufi tano. 'Hukunjwa na kushonwa chini ya gauni.' Nalijua neno, ila linanikimbia."

"Vaa miwani kwanza, mama. Iko kichwani."

"Ewaa! Umejuaje, mchawi wewe?"

"Miwani ya wazee wote hukaa huko. Haya, shika gauni lako kwa chini kabisa. Hapo vidole vilipo panaitwaje?"

"Pindo! Pindo, mwanangu!" Bibi alishangilia kama mtoto aliyeshinda mbio.

Mwaka mzima ilikuwa hivyo. Bibi yule alikuwa fundi cherehani enzi zake. Maneno mengi yalikuwa yameshamtoka, lakini ya kushona yalikuwa bado yamemng'ang'ania. Kwa hiyo kila siku mtunzi alipachika moja katika visanduku vyake: uzi, kifungo, mkasi, pindo. Angalau moja la kumfurahisha.

Mhariri ndiye aliyechoka.

"Wasomaji wananicheka," alimwambia Alhamisi, akimwekea kikombe cha chai mezani kwanza. "Kila siku sindano na uzi! Hili ni gazeti au kibanda cha fundi? Kuanzia Jumatatu tutanunua chemshabongo za nje. Wewe utahamia matangazo ya vifo, chumba cha chini."

"Huko kuna simu?"

"Hakuna." Mhariri akatazama viatu vyake. "Samahani, dada."

Ijumaa, saa nne, mtunzi alimweleza bibi.

"Sasa mimi nitaongea na nani?" bibi akauliza, sauti imemshuka. "Dada wa kazi ananipikia vizuri tu, lakini haya maneno hayajui. Na jioni wanaingia watu humu siwafahamu."

"Chukua penseli, mama. Nakupa namba yangu ya mkononi. Iandike pembeni mwa gazeti."

Alimtajia tarakimu mojamoja, akingoja kila moja iandikwe na kurudiwa. Walikosea mara mbili, wakaanza upya. Mwandishi wa michezo alizima redio kabisa.

"Una moyo mzuri wewe," bibi akasema walipomaliza. "Mama yako alikulea."

"Alinilea vizuri sana."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Basi ukitoka kazini leo pitia umwone. Sisi wazee tunangoja, hata kama hatusemi."

"Nitapita, mama."

Jioni alikusanya vitu vyake vichache mezani, akapanda basi, akashuka kituo cha mwisho. Alifungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe. Mama yake alikuwa ameketi mezani, gazeti mbele yake, miwani juu ya kichwa.

"Shikamoo, mama."

Mama akashtuka, akalikumbatia gazeti kifuani. "Wewe nani? Nani kakupa ufunguo wa nyumba yangu? Usisogee! Nampigia simu binti wa chemshabongo!"

Akavaa miwani. Akabonyeza namba mojamoja, akisoma pembeni mwa gazeti kwa sauti.

Binti akatoka nje, akaurudisha mlango taratibu. Simu ikalia ndani ya mkoba wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umepokea. Njoo haraka, kuna mwanamke ameingia humu ndani simjui."

"Nakuja, mama," akasema, mkono ukiwa bado kwenye kitasa. "Nakuja sasa hivi."