Hakuna Jipya kwenye Bomba

"Hakuna jipya hapa, fundi! Hakuna—"

"Niache nimalize, mzee!" fundi alimkatiza mkaguzi.

"—hakuna hata chembe!"

"Wewe umewahi kushika mabomba, au unayasoma tu?"

Mama Mwenyekiti wa rufaa akagonga meza. Wakanyamaza, lakini macho yakaendelea kugombana.

Fundi alikuwa amebuni mashine ya kuvisha bomba mapezi, yale mabati membamba yanayolizunguka ili lipoe upesi. Mashine yake inachimba mfereji mwembamba kwenye bomba na kuzungushia bati humo kwa mkupuo mmoja. Mkaguzi akamnyima hataza, ile haki ya uvumbuzi inayozuia wengine kuiga. Leo ndiyo nafasi ya mwisho. Akishindwa, kiwanda cha jirani, ambacho kimeshaanza kumwiga, kitaiga kwa raha zake.

"Kuna mtu aliandika zamani namna ya kuchimba mfereji," mkaguzi alisema. "Mwingine akaandika namna ya kuzungusha bati. Waunganishe hao, umepata mashine yako. Yeyote angewaza hivyo."

"Unga upo, maji yapo. Mkate umejioka?" fundi alijibu.

"Hata shemeji yangu angeweza, na yule kubadilisha balbu tu anaita mtu! Lete hiyo mashine."

Mkaguzi akazungusha mpini. Bati likajikunja, likaruka, likamvua miwani.

"Pole, mzee," fundi alisema kwa sauti tamu. "Tumwite shemeji?"

Mkaguzi akavua koti. Bati la pili likatoka limejisokota kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Akavua tai. Akapiga magoti, akachungulia rola, akanung'unika peke yake. Kisha akachomoa klipu ya kubania karatasi kwenye mafaili ya Mama Mwenyekiti, akaipachika kando ya rola, akazungusha tena.

Mapezi yakasimama wima, yamenyooka kuliko hata ya fundi mwenyewe.

Fundi akaketi, mikono kichwani. Mtu wa ofisini kaweza, tena bila kufundishwa. Kazi imekwisha.

"Basi," Mama Mwenyekiti alisema, akichukua kalamu, "mkaguzi ametuonyesha kwamba jambo hili halina ubunifu wowote, kwa hiyo rufaa—"

"Subiri kwanza, mama!" Mkaguzi alikuwa bado sakafuni, amelipakata bomba kama mtoto mchanga. "Hiyo ya klipu haipo popote duniani, nakuapia. Naomba fomu ya hataza."