Unyoya wa Zamu

Ndege Yangeyange alikuwa mweupe, hana doa, na kazi yake ilikuwa kupatanisha waliokoseana. Aliwaketisha duara, na sheria yake ilikuwa moja: asiyeshika unyoya asiseme.

Siku moja Kanga alimshtaki Kicheche kwamba amemla mwanawe. Walipoketi, Yangeyange akagundua kuwa unyoya wake ameusahau nyumbani.

"Ninao mmoja," alisema Kicheche kwa upole, akauchomoa katikati ya meno. Ulikuwa wa madoadoa.

Kanga aliutambua papo hapo. "Huo ni wa mwanangu."

"Hujaushika bado, mama," Yangeyange alimkanya. "Ngoja zamu yako."

Kicheche aliushika na kuongea mpaka vivuli vikahama. Alisimulia njaa ya utotoni na uchungu wa kuitwa mwizi, na Yangeyange akafuta machozi. Ilipofika zamu ya Kanga, muda ulikuwa umekwisha.

"Yaliyopita si ndwele," alisema Yangeyange. "Peaneni mikono." Kisha akamkabidhi Kicheche cheti cha tabia njema.

Juma lililofuata Kicheche aliitwa awaeleze wanyama wote jinsi alivyobadilika. Alifika ameshiba, akaketi, akachomoa unyoya mwingine menoni. Huu ulikuwa mweupe, hauna doa.

Yangeyange aliruka juu. "Mwanangu! Mkamateni huyo muuaji!"

Hakuna aliyeinuka. Kanga alimtazama kutoka upande wa pili wa duara.

"Hujaushika bado, mama," alisema. "Ngoja zamu yako."