Beji ya Ndinda

Ndinda alivua koti lake jeupe, akalibwaga juu ya meza ya Daktari Gathogo hadi kalamu zikatawanyika sakafuni.

"Sikuingia stoo ile ya vitu vya mionzi! Hata siku moja!"

Daktari hakupandisha sauti. Alimsogezea karatasi. Wanafunzi sita wa uzamivu katika sayansi ya nyuklia walikuwa wamekuja kwenye maabara hii ya Lukenya kwa mafunzo ya utafiti, miezi mitatu ya likizo. Kila mmoja alipewa beji ya kubana kifuani, inayorekodi mionzi inayompata. Beji tano zilisomeka vizuri. Ya Ndinda ilizipita mara arobaini.

"Beji haina chuki na mtu," Daktari alisema. "Umekaa karibu na kitu. Hadi nijue ni kitu gani, umesimamishwa."

Damu ilimchemka Ndinda. Alikuwa ameomba nafasi hii mara nne. Wenzake walitoka mbali na kulala bwenini. Yeye peke yake alikuwa mwenyeji, kwao ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Na sasa mwenyeji ndiye wa kufukuzwa?

"Kati yetu sita, Jeremy ndiye huacha vitu wazi," alisema. "Lakini Jeremy ni kipenzi chako. Hawezi kukosea."

"Haya. Tupime."

Wakazunguka maabara nzima na kipima mionzi, Ndinda mbele akifungua milango kwa teke. Kifaa kililia polepole tu, tik, tik, kama kuku anayedonoa. Stoo ilikuwa imefungwa, kila kitu mahali pake.

"Mmeshasafisha," alisema.

Daktari alimtazama. "Beji unaiachanga wapi ukitoka kazini?"

"Kwa koti."

"Na koti?"

"Naenda nalo nyumbani, nifue." Alijua sheria ilisema beji ilale maabara. Akakaza uso.

Daktari akachukua funguo za gari. "Twende kwenu."

Ndinda akasimama mlangoni, akamzibia njia. Apekuliwe kama mwizi, mbele ya mama yake?

"Kwa hivyo nimeiba?"

"Sijasema hivyo."

"Basi twende! Upekue hadi sufuria!"

Njiani, kichwani Ndinda alikuwa akiandika barua ya malalamiko kwa chuo kikuu, jina la Gathogo kwa ukamilifu wake, na nakala kwa kila mkubwa aliyemjua.

Mama yake alikuwa akianika ndengu uani. Alipoambiwa huyu ndiye mwalimu, alijifuta mikono haraka, akacheka kwa furaha, akaanza kutafuta kiti kizuri. Furaha ile ilimuuma Ndinda kuliko tusi.

Langoni, tik, tik. Jikoni, tik. Kwenye banda la kuku, tik. Ndinda akakinyakua kifaa na kukisogeza karibu na pua ya Daktari.

"Umeona?"

"Nimeona." Daktari akashusha pumzi. "Pengine nimekukosea, Ndinda."

Neno hilo alikuwa amelingoja tangu asubuhi, lakini lilipofika halikumtosha.

"Bado ndani. Ingia! Usiende ukasema nilikuficha kitu."

Akausukuma mlango wa chumba chake mwenyewe. Walipokaribia ukuta, penye msumari anapotundika koti, milio ya kifaa ikashikana ikawa ukelele mmoja mrefu. Daktari akamshika mkono kumrudisha nyuma. Ndinda akajinasua kwa nguvu.

"Mmeniwekea! Jeremy amefika hapa!" Akamgeukia mama yake mlangoni. "Mwaitu, ni nani aliingia humu? Sema!"

"Hakuna mtu ameingia. Unanipigia kelele ya nini mbele ya mgeni?"

"Huyu si mgeni! Amekuja kuniita mwizi!"

Mama akamtazama Daktari, kisha kile kifaa kinacholia. Uso wake ukabadilika. Akaingia chumba chake cha kulala, upande wa pili wa ukuta ule ule. Wakasikia kitanda kikisogezwa.

Aliporudi alikuwa amekumbatia kifuani kitu kizito kilichofungwa kwa leso. Kila hatua aliyopiga, kifaa kilizidi kupiga mayowe.

"Kama mashine yenu inatafuta chuma, ni hii tu niko nayo," alisema. "Lakini msininyang'anye. Baba yako aliiokota kule kwa machimbo, mwaka ule kabla damu yake haijaharibika, na tangu tumzike mimi hulala nayo."